Hesabuni doti kabla ya kumlipa fundi wa tovuti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu maduka ya mtandaoni. Matangazo yamezagaa mitaani na kwenye simu: "Tunakufungulia duka la mtandaoni ndani ya siku tatu." Wanaoyaitikia wengi ni akina mama na vijana wenye mtaji mdogo, na sehemu kubwa ya mtaji huo huishia kwa fundi kabla hata bidhaa moja haijapigwa picha. Sisi tunaoijua kazi hii tunasema kazi imeanzwa mwishoni. Cha kwanza ni mzigo uliohesabiwa. Cha pili ni bei iliyopigiwa hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Cha tatu ni njia ya kuufikisha mzigo mkononi mwa mtu aliyeko Sumbawanga. Tovuti hufuata baada ya hapo. Aliyekamilisha hayo matatu anaweza kuuza hata kwa WhatsApp tupu, na asiyeyakamilisha hakuna tovuti itakayomwokoa. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandaoni Afrika, iliondoka Tanzania Novemba 2019, na haikuwa imekosa tovuti wala programu ya simu.

Ili tusiongee hewani, tuchukue duka la kanga. Kanga ni bidhaa nzuri ya kuanzia: haivunjiki, haiozi, haina saizi, na hukunjwa ikaenea kwenye bahasha. Viatu vina saizi, na saizi huzaa kurudishiana. Vyombo vya glasi hupasuka kwenye buti la basi. Vipodozi huvuja, na vingine vinahitaji vibali ambavyo mtu anayeanza hana. Anayetaka kujifunza biashara hii bila kuumia aanze na kitu ambacho kosa lake halitamfilisi.

Kwa doti 100 za kuanzia (doti ni vipande viwili vya kanga), nunua miundo 20, doti 5 kila muundo. Wengi hufanya kinyume, wakachukua miundo 100 ya doti moja moja ili duka lionekane limejaa. Kila muundo unadai picha zake, maelezo yake na namba yake. Ukiwa na doti moja tu, ikinunuliwa kazi yote hiyo imekufa, na wateja watano wanaofuata wataambiwa "imeisha". Mteja akiambiwa hivyo mara mbili harudi.

Kila muundo upewe namba, kwa mfano KG-014, na rangi iongezewe herufi zake: KG-014-BL kwa bluu, KG-014-NY kwa nyekundu. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye rafu, kwenye daftari na kwenye duka la mtandaoni. Idadi ipunguzwe pale oda inapothibitishwa. Ukisubiri mzigo ufike kwa mteja ndipo upunguze, katika zile siku mbili za njiani utakuwa umeiuza doti hiyohiyo kwa mtu mwingine. Mwenye kibanda Kariakoo, Dar es Salaam, au Mwembe Tayari, Mombasa, na mtandaoni kwa pamoja ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu msaidizi wa kibandani atauza doti ambayo mtu wa Mbeya ameshailipia. Dawa yake ni kutenga. Doti za mtandaoni zikae kwenye rafu yake, na asiziguse mtu wa kibandani hata mteja akiwa amesimama mbele yake na pesa mkononi. Programu za kuunganisha hesabu za sehemu mbili zipo, lakini kwa doti 100 rafu mbili zinatosha na hazidai bando.

Maelezo ya bidhaa ndiyo yanayoamua kama utapatikana au hutapatikana. Mtu wa Dar ataandika "kanga", mwingine ataandika "khanga", na wa Mombasa ataandika "leso". Maneno yote matatu yawemo kwenye maelezo. Jina la kanga, yale maandishi yake, liandikwe lote kama lilivyochapwa kwenye kitambaa, kwa sababu watu hutafuta kanga kwa jina. Anayetafuta "Mgeni njoo mwenyeji apone" hatakupata kama umeandika tu "kanga nzuri ya njano, karibuni wateja". Taja rangi ya pindo na rangi ya mji (sehemu ya katikati), sema kama ni pamba tupu au mchanganyiko, na upime kwa futikamba urefu na upana wa kila kipande, kwani viwanda havilingani. Sema wazi pia kwamba inauzwa doti nzima, haijakatwa wala kupindwa. Kisha chukua doti moja kutoka kila mzigo uifue kwenye beseni. Ikitoa rangi, andika: "Hutoa rangi mara ya kwanza, ifuliwe peke yake." Sentensi hiyo moja inazuia malalamiko mengi kuliko simu kumi za kuomba radhi.

Picha hazihitaji kamera ya gharama. Simu ya kawaida inatosha kama umeifuta lenzi. Tandika kanga ukutani au sakafuni karibu na dirisha kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, jua lisiipige moja kwa moja, taa ya ndani uzime. Taa ya njano hugeuza nyeupe kuwa maziwa na bluu kuwa kijani, na mteja atakapoipokea atasema umemtumia nyingine. Piga nne: kanga nzima, jina likisomeka, kona ya pindo kwa karibu, na moja ya mtu aliyeivaa au aliyejitanda. Usiichukue picha ya muuzaji mwenzako. Licha ya kuwa si haki, mzigo wako unaweza kuwa wa kiwanda kingine wenye rangi tofauti kidogo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Halafu punguza uzito wa picha. Picha ikitoka kwenye simu huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ukipandisha 24 za hivyo kwenye ukurasa mmoja, mteja anaombwa apakue karibu megabaiti 100 ili tu aone kanga. Bando lake la siku limekwisha. Punguza mpaka pikseli 1,000 kwa 1,000, kilobaiti zisizozidi 150, na zile ndogo za kwenye orodha zisizidi kilobaiti 20. Ukurasa wenye kanga 24 utakuwa chini ya nusu megabaiti na utafunguka hata kwenye mtandao wa kusuasua.

Sasa bei, na hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji kwa sababu ndipo maduka mengi yanapofia. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, doti unainunua jumla kwa 9,000 na unataka kuiuza 15,000. Anayeanza huona faida ya 6,000. Haya, tuhesabu. Bajaji ya kubeba doti 100 ni 10,000, sawa na 100 kwa doti. Bahasha kubwa ya khaki 500. Lebo na gundi 100. Umelipia tangazo 50,000 ukapata oda 20, basi kila oda imekula 2,500. Katika oda 10 moja hurudi, mteja amezima simu au amebadili mawazo, na nauli ya kwenda na kurudi ni 5,000. Ukiigawanya kwa oda zote 10, kila moja inabeba 500. Ada ya kupokea malipo, tuiweke asilimia 2, ni 300. Jumla ni 13,000. Umebaki na 2,000, na hapo hujalipia bando, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), wala muda wako.

Tazama kinachotokea mteja huyohuyo akichukua doti mbili kwa pamoja. Bidhaa 18,000, bajaji 200, bahasha ileile 500, lebo 100, tangazo lilelile 2,500, za kurudi 500, ada 600. Jumla 22,400, na mauzo ni 30,000. Umebaki na 7,600, karibu mara nne ya ile ya kwanza. Kama gharama zako za mwezi za tovuti na bando ni 30,000, unahitaji oda 15 za doti moja ili kuzilipa tu, au oda 4 za doti mbili. Kwa hiyo duka la kanga lipangwe tangu mwanzo kuuza kwa jozi na kwa sare: doti mbili za mama na binti, doti sita za kamati ya harusi, doti kumi za kikundi cha Siku ya Wanawake ya Machi 8. Anayetaka moja auziwe, ila nauli alipe mwenyewe na aione kabla ya kubonyeza.

Na bei iandikwe! Tunalisema hili kwa uchungu. Ugonjwa wa "bei njoo inbox" umeota mizizi kiasi kwamba wauzaji wanauona ni mbinu. Mteja asiyeona bei hudhani mambo mawili, kwamba ni ghali au kwamba atatajiwa kwa kuangaliwa sura, na yote mawili humfukuza. Muuzaji naye hujichosha kujibu "bei gani?" mara arobaini kwa siku, akawakosa waliokuwa tayari kulipa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa mtandao aweke wazi jina lake, anuani yake, maelezo ya bidhaa na bei yake. Kuandika bei si hisani.

Kuhusu kufikisha mzigo, gawa nchi mafungu matatu. Ndani ya jiji tumia bodaboda, lakini usiwe na mmoja tu. Uwe na wawili au watatu mnaofahamiana, mkubaliane nauli kwa kanda (tuseme Kinondoni na Ilala bei moja, Mbagala na Bunju bei nyingine), na nauli hizo zibandikwe dukani. Oda zikusanywe, ziondoke mara mbili kwa siku, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukimtuma dereva kila oda inapoingia, nauli inakula kila kitu.

Mikoani, mzigo mwingi wa wafanyabiashara wadogo husafiri kwa basi. Andika kwa kalamu ya wino mzito usiofutika na maji jina la mpokeaji na namba mbili za simu, halafu bandika selotepu pana juu ya maandishi. Peleka ofisi ya basi, mathalani pale kituo cha Magufuli Mbezi, upewe risiti, na usiondoke bila kuandika namba ya gari na simu ya ofisi ya kule mzigo unakokwenda. Mteja atumiwe papo hapo picha ya risiti, jina la basi, namba ya gari na saa ya kuondoka. Saa hizo ziandikwe kwa Kiswahili kamili, "saa 12 asubuhi" au "saa 2 usiku". Mitambo ya maduka huandika saa kwa mtindo wa kigeni, na mtu akienda kituoni saa 2 asubuhi kumbe mzigo unafika saa 8 mchana, lawama ni kwako. Mzigo unaokwama ofisini kwa wiki mara nyingi chanzo chake ni namba moja ya simu iliyozimwa, ndiyo maana tunasisitiza mbili. Mwezi Desemba ahidi siku mbili zaidi ya kawaida, kwani mabasi hujaa abiria na mabegi yao. Posta inafaa pale basi lisipofika au mteja anapotaka ufuatiliaji wa maandishi, na bahasha ya kanga ni nyepesi kiasi cha kuivumilia ada yake.

Nje ya nchi wateja wapo, kuanzia Muscat hadi Minneapolis, na kanga ina bahati nyingine huko. Kampuni nyingi za vifurushi hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Kikapu cha ukindu chenye sentimita 40 kwa 30 kwa 20 huhesabiwa kilo 4.8 hata kama mizani inasema gramu 600. Kanga iliyokunjwa bapa haina adhabu hiyo. Jambo la kumweleza mteja mapema ni kodi ya upande wake. Uingereza iliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo Januari 2021, Umoja wa Ulaya Julai 2021, na Marekani ikaufuta ule wa vifurushi vya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Andika kwenye ukurasa wa usafirishaji kwamba kodi ya forodha ya nchi ya mpokeaji haimo kwenye bei. Na usikubali ombi la kuandika thamani ya uongo kwenye fomu. Mzigo ukipotea, fidia hutazama thamani uliyoiandika.

Malipo yana pande mbili za hofu. Mteja amezoea kupokea zile meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii", kwa hiyo kila namba asiyoijua ni ya tapeli mpaka ithibitike. Usimpe namba yako binafsi. Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara, ili anapolipa aone jina lilelile aliloliona dukani. Faida ya pili ni kwamba pesa ya duka haichanganyiki na ya mchango wa harusi. Ndani ya jiji, miezi mitatu ya mwanzo, ruhusu mteja alipe akipokea. Inajenga imani kuliko tangazo lolote. Mikoani omba nauli kwanza na salio lilipwe kabla mzigo haujapanda basi. Muuzaji naye aogope meseji ya kughushi na picha ya skrini. Meseji ya malipo inaweza kutungwa na mtu yeyote, salio haliwezi. Piga menyu, *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, uone salio au orodha ya miamala kabla doti haijatoka. Na anayepiga kusema "nimekosea, nirudishie" aelekezwe kwa mtandao wake wa simu, usimrudishie kwa mkono.

Mpaka hapa hujahitaji tovuti. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba bidhaa hadi 500, na miundo yako ni 20. Ushauri wetu ni kuuza hivyo mpaka ufikie oda 10 kwa siku. Hapo ndipo kujibu kwa vidole kunaanza kukushinda, na pia unajua wateja wako huuliza nini.

Siku hiyo ikifika, njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Shopify, huduma ya kukodi duka la mtandaoni, hulipiwa kwa dola kila mwezi na ni rahisi kuitumia, lakini huduma yake yenyewe ya malipo haifanyi kazi Tanzania, na wapo wanaoligundua hilo baada ya kumaliza kulipanga duka lote. Lazima uunganishe kampuni ya malipo ya hapa, kwa hiyo iulize kwanza kampuni hiyo kama inaungana na Shopify, ndipo ulipie. WooCommerce ni programu ya duka ya bure, hukaa juu ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, na unalipia kikoa (jina la tovuti), seva na fundi. Kwa kanga za shilingi tunaipendelea hii ya pili.

Yapo marekebisho ambayo mafundi wa siku tatu huyaruka, na kila moja lina gharama yake. WooCommerce huonesha desimali mbili, kwa hiyo bei husomeka 15,000.00, weka sifuri. Saa ya mtambo huja ikiwa nyuma kwa masaa matatu. Weka ya Dar es Salaam, la sivyo oda za usiku zitaonekana za jana. Fomu ya kulipia hulazimisha barua pepe na huuliza vitu ambavyo mteja wako hana. Barua pepe iwe hiari, na badala ya mistari ya anuani weka mkoa, wilaya, kata, mtaa na alama ya karibu, pamoja na simu mbili. Namba ya simu huandikwa na watu 0754 na kuendelea, lakini mitambo ya malipo huitaka 255754. Fundi aweke kanuni ya kuibadilisha yenyewe, vinginevyo malipo yatagoma na mteja atadhani salio lake lina kasoro.

Lililo zito kuliko yote ni uthibitisho wa malipo. Mteja akibonyeza kulipa, simu yake huletewa ombi la namba ya siri. Akichelewa, ombi hufa. Akibonyeza mara mbili, anaweza kulipa mara mbili. Akilipa kisha mtandao ukakatika, ukurasa wake haurudi dukani. Kwa hiyo duka lisiamini ukurasa wa mteja. Liamini ujumbe unaotoka kwenye seva ya kampuni ya malipo kwenda kwenye seva yako, na lilinganishe namba ya oda pamoja na kiasi. Fundi asiyelinganisha kiasi amekuacha wazi kwa mtu atakayelipa 1,000 akachukua mzigo wa 30,000. WooCommerce pia hufuta oda isiyolipiwa baada ya dakika 60. Ujumbe wa malipo ukifika umechelewa utakuta oda imefutwa na doti imerudi rafuni, huku pesa unayo. Ongeza muda huo uwe masaa 24, na kila jioni linganisha orodha ya malipo na orodha ya oda, mstari kwa mstari.

Kikoa kisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Hili halina mjadala. Fundi akihama, akiugua au mkigombana, anayeshikilia kikoa ndiye anayeshikilia duka, na hata lebo ulizokwishachapa zitakuwa zinampelekea wateja yeye. Kabla ya kumaliza malipo yake, akukabidhi kwa maandishi nywila za msajili wa kikoa, za seva na za usimamizi wa WordPress, pamoja na akaunti ya malipo na ya meseji. Ingia mwenyewe kwenye kila moja, badilisha nywila, ndipo umalizie. Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli, hupatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo anayekitoza kama bidhaa ya pekee aulizwe vizuri.

Upande wa serikali, jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), TIN (namba ya mlipakodi) hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bure, na leseni huombwa halmashauri kupitia mfumo wa Tausi. Fuata mpangilio huo, kwani Lipa Namba ya jina la biashara na mkataba wa kampuni ya malipo huomba nyaraka hizo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo khaki si urembo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu wauzaji kuliko wanavyodhani. Ule mtindo wa kubandika Instagram picha za mazungumzo na miamala ya wateja kama ushahidi, jina na namba ya simu vikiwa wazi, ni kumwanika mtu aliyekuamini. Kuwatia wateja wote kwenye kundi moja la WhatsApp ni kosa hilohilo kwa sura nyingine, kwani kila mmoja anaziona namba za wenzake. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list), inayobeba watu 256, na ukumbuke kwamba ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako.

Uzinduzi usiwe wa kishindo. Wiki mbili kabla, wape watu 10 wanunue kwa pesa halisi: wenye Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, wawili wakiwa mikoani, mmoja akiwa na simu ya bei ya chini kabisa inayotumia Opera Mini. Mmoja aghairi katikati, mmoja akosee namba ya siri, mmoja alipe mara mbili, mmoja akatae mzigo mlangoni. Andika kila kilichokwama. Ukurasa wa kurudisha bidhaa uwe umekwishaandikwa: siku saba, kanga iwe haijakatwa, haijapindwa wala kufuliwa, na useme nani analipa nauli. Kisha fungua kati ya tarehe 25 na tarehe 5, mishahara inapotoka, na wiki nne kabla ya sikukuu badala ya wiki moja, ili mzigo wa kuongezea uwahi.

Ombi letu kwa gazeti lako, Mhariri, ni dogo. Mafundi wa tovuti hutangaza pia magazetini. Watakiwe kutaja kwenye matangazo yao mambo manne: kikoa kitasajiliwa kwa jina la nani, malipo yataunganishwa na mitandao ipi ya simu, gharama ya mwaka wa pili ni kiasi gani, na nywila zitakabidhiwa lini.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam